Kujitolea skulini Unguja na Pemba: kifurushi cha "mila na sherehe" kina thamani ya fedha yake?

Vifurushi vya kujitolea skulini Zanzibar huuzwa kwa picha ile ile: mgeni katikati, watoto wa sare wamemzunguka, nyuma yao maua ya karatasi, na chini yake ahadi kwamba utashiriki "mila za skuli na sherehe za wenyeji". Wanunuzi si Wazungu peke yao. Wamo vijana waliomaliza ualimu Nairobi, Mombasa na Kampala, wamo watu wa Bara, na wamo watoto wa Kizanzibari waliozaliwa Maskati au London wanaotaka kurudi kwa bibi zao na kufanya jambo la maana wakiwa huko. Tathmini hii ni yao, na ni ya walimu wakuu pia, wale wanaopigiwa simu na mawakala kuulizwa kama wana nafasi ya mgeni mmoja zaidi.

Urefu wa vifurushi hivi kwa kawaida ni wa aina tatu: wiki mbili, wiki sita na miezi mitatu. Hukumu tunaitoa mapema, ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo. Cha wiki mbili usinunue. Cha wiki sita ni kizuri sana kikipangwa kwa kalenda ya skuli, na ni hasara tupu kikipangwa kwa bei ya tiketi za ndege. Cha miezi mitatu ndicho kinachoifaa skuli yenyewe zaidi, ila makaratasi yake ni mazito kuliko mawakala wengi wanavyokiri.

Sababu ni kwamba sherehe ya skuli ni asubuhi moja tu. Saa tatu au nne zinapita, watu wanakula, masinia yanaoshwa, basi. Mila yenyewe imo ndani ya wiki tatu hadi tano zilizotangulia: mazoezi ya kaswida baada ya masomo, risala inayoandikwa ikafutwa ikaandikwa tena, mgeni rasmi anayetafutwa, mchango wa mchele, majoho ya kukodi, fundi anayekimbizwa. Volontia wa wiki mbili huiona hiyo asubuhi moja, tena akibahatika. Amekaa kiti cha mbele, hajui kwa nini mtoto yule analia wala kwa nini mwalimu mkuu anatazama saa kila baada ya dakika mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini siku 14, ukitoa ya kufika, ya kuzoeshwa, ya kutembezwa mashamba ya viungo na Ijumaa mbili ambazo masomo huisha mapema, hazimfikishi mtu kwenye jembe.

Mwezi kwanza, wakala baadaye

Skuli za Zanzibar zinaishi kwa kalenda mbili. Mwaka wa masomo huanza Januari. Sikukuu za dini hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Wakala aliyeko nje mara nyingi anaijua ya kwanza tu, ndiyo maana unaweza kuuziwa Februari kama "msimu mzuri wa skuli". Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama. Katika mwezi huo skuli huwa likizo au hupunguza saa, hakuna chai ya saa 4, hakuna mazoezi ya ngoma, na kula au kunywa hadharani mchana ni mwiko ambao unaweza kukuingiza kwenye mikono ya polisi. Anayetaka kuiona Ramadhani ya Zanzibar aje, ni mwezi mtukufu na futari zake hazina mfano, lakini asilipie nafasi ya kufundisha.

Kipindi tunachokisifia ni kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Ndani yake mna mambo matatu yanayofuatana. Kwanza ni kumbukumbu ya elimu bila ya malipo. Mzee Abeid Amani Karume aliitangaza tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, na kila mwaka skuli huiadhimisha kwa tamasha la michezo na sanaa: riadha, mpira wa miguu, netiboli, ngoma, ngonjera, maigizo. Michujo hutangulia, na huko kwenye michujo ndiko volontia anakohitajika: kushika saa, kuandika majina, kupeleka maji, kuhakikisha watoto 40 waliopanda gari wakati wa kwenda ni 40 wakati wa kurudi. Pili ni Siku ya Walimu, tarehe 5 Oktoba. Tatu, na kubwa kuliko zote, ni mahafali ya kidato cha nne, ambayo skuli nyingi huyafanya kabla ya mitihani ya taifa ya Novemba.

Novemba hadi mwanzo wa Disemba ni zamu ya maandalizi, yaani watoto wadogo wanaoingia darasa la kwanza. Mahafali yao ni matamu kutazama, ila vuli imeshaanza na mvua ikinyesha juu ya maturubai ya kukodi hamna spika inayosikika.

Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, nayo huadhimishwa, lakini sherehe zake hutofautiana sana kati ya skuli na skuli. Usifunge safari kwa ajili yake peke yake.

Kwa Pemba kuna kalenda ya tatu ambayo haimo kwenye tovuti ya wakala yeyote: karafuu. Mavuno makubwa kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, na yanapopamba moto utoro hupanda, kwa sababu mtoto anachuma na kuchambua pamoja na wazazi wake, na fedha hiyo ndiyo inayomnunulia sare. Volontia anayelalamika kwamba darasa lina watoto nusu hajapita njiani akaona majamvi yaliyoanikwa.

Mahafali, hatua kwa hatua

Hapa ndipo kifurushi hupata au hukosa thamani yake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kadi ya mwaliko husema saa 3 asubuhi. Watu hukaa sawasawa saa 4, mgeni rasmi hufika saa 4 na nusu. Upande wa pili kuna ukuta usiosogea: adhuhuri huingia saa 6 na dakika zake, na saa 7 kasoro watu wanataka kuwa msikitini. Ratiba nzima inabanwa ndani ya saa mbili. Ndani yake mna kisomo cha Qur'ani, kaswida, taarifa ya skuli, risala ya wahitimu, ngonjera, igizo, hotuba ya mgeni rasmi, vyeti na zawadi, kisha dua. Saa ikiyoyoma, kinachokatwa ni kile cha watoto wadogo. Karibu kila mahafali utamwona mtoto aliyefanya mazoezi mwezi mzima akirudishwa kukaa bila kufungua mdomo, na hiyo ndiyo siri ya kilio tulichokitaja hapo juu. Dawa yake ni rahisi na volontia anaweza kuipendekeza kwa adabu wiki mbili kabla: ngonjera ya wadogo iwekwe mara baada ya kaswida, kabla ya taarifa ya skuli, wakati wageni bado wanawasili. Taarifa inaweza kufupishwa papo hapo, ngonjera haiwezi.

Ngonjera yenyewe isizidi beti nane. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari mizani 16 iliyokatwa nane kwa nane, kama hivi: *Mwalimu tunakuomba, utufundishe hesabu.* Mtoto wa miaka minane husoma ubeti kwa nusu dakika hivi, kwa hiyo beti nane ni dakika nne, nazo zinatosha. Kosa la mavolontia wasomi ni kutaka kuitunga wao. Mwalimu wa Kiswahili ataitunga vizuri zaidi; wewe shughulikia sauti. Waweke watoto upande mmoja wa uwanja, wewe simama upande wa pili, mita 30, mfululizo wa siku kumi. Asiyesikika bila spika hatasikika na spika pia, kwa sababu ataimeza.

Risala ni jambo zito zaidi kuliko linavyoonekana. Husomwa na mwanafunzi, lakini ndiyo barua ya skuli kwa serikali na kwa tajiri yeyote aliyekaa meza kuu. Ina mpangilio wake: salamu na shukrani, idadi ya wahitimu wanawake na wanaume, mafanikio, kisha changamoto, kisha maombi. Madawati, vyoo, maabara, uzio. Mgeni rasmi hujibu kwa ahadi mbele ya wazee wote, na ahadi hiyo hukumbukwa. Kwa hiyo volontia asiingize neno lake. Amsaidie msomaji kupumua kwenye vituo na kutokimbia, akihakikisha karatasi ni moja na maandishi ni makubwa. Dakika tano. Risala ya kurasa tatu humfanya mgeni rasmi afungue simu.

Majoho hukodiwa. Kwa watoto wa maandalizi pima urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, na pima kichwa, maana kofia zilizo kubwa hushuka machoni wakati wa picha. Panga siku ya kuchukua iwe moja kabla ya sherehe, si asubuhi yake. Anayekodisha hutaka amana, na amana hiyo hupotea kwa doa la soda. Soda igawiwe baada ya majoho kuvuliwa, hili waulize mama wowote wa kamati.

Na kivuli. Maturubai hufungwa juu ya wageni kwanza, watoto hubaki juani, na mwezi wa Novemba jua la Zanzibar liko karibu utosini. Kuna kuzimia. Skuli iliyopanga vizuri huanza kufunga turubai la watoto, meza kuu ikabaki na miavuli au mwembe. Mkikodi spika, ombeni maikrofoni mbili, kwa sababu moja itaharibika wakati wa dua, na jenereta dogo la akiba na lita 5 za petroli, zinazotosha nusu siku.

Masinia

Pilau ya watu 100 ni mchele kilo 10 hadi 12, nyama kilo 8, vitunguu kilo 4, viazi kilo 5, mafuta lita 2, na viungo vya asili yake: bizari ya pilau, mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga. Sinia moja watu watano, yaani masinia 20, na mengine mawili ya akiba, kwani wageni wasioalikwa huja na hawarudishwi. Moto wa kuni huwashwa saa 12 asubuhi. Kazi ya volontia hapo ni kumenya vitunguu na kuchota maji. Huko jikoni utajifunza mengi kuliko kwenye kiti cha mbele, habari za kijiji kizima zinapita juu ya masufuria.

Mahali inapoharibika ni kwenye ufungaji. Skuli yenye watoto wengi hutaka kuwapa wanafunzi chakula kwenye mifuko au makasha, na ili kuwahi, hukifunga kikiwa cha moto saa 3 asubuhi. Kufika saa 7 kimeshachacha, na jioni nusu ya darasa inaumwa tumbo. Kifungwe baada ya hotuba ya mgeni rasmi kuanza, si kabla. Hotuba ni ndefu vya kutosha.

Mkono wa kulia, miguu isinyooshewe sinia, na kula upande wako. Nyama iliyowekwa katikati hugawiwa na mkubwa, usiifuate.

Chuoni

Mtoto wa Zanzibar ana skuli mbili. Akitoka skuli, au kabla ya kwenda ikiwa zamu yake ni ya mchana, yuko chuoni akisoma Qur'ani. Vifurushi vingi havigusi chuo kabisa, na tunaona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu sherehe zinazokaa moyoni mwa mtoto ni za huko: kuhitimu juzuu 30, na maulidi ya Mfunguo Sita. Kuna wakala wachache wanaopanga ziara ya chuo. Uliza kama mwalimu wa chuo ameulizwa yeye mwenyewe au skuli ndiyo iliyomsemea. Na ujue chuo kwa kawaida hufungwa Alhamisi na Ijumaa, siku zile zile ambazo mawakala hupenda kuzijaza "ziara za utamaduni".

Maulidi ya mwaka 2027 yanatarajiwa katikati ya Agosti. Chuo hufanya mazoezi ya kaswida na dufu kwa wiki kadhaa, watoto hushonewa nguo za rangi moja, na siku yenyewe huenda zafa mitaani kabla ya kukaa. Barazanji, kitabu cha sifa na maisha ya Mtume, husomwa kwa kupokezana. Ikifika mahali pa marhaba watu wote husimama, marashi hunyunyizwa, udi unapita. Mgeni asiyejua hubaki amekaa akipiga picha, na hapo ndipo heshima yake huisha. Kaa na mtu anayejua, simama anaposimama. Wanawake na wanaume hukaa mbali mbali, na upande wa wanawake haurekodiwi, hata kama kila mtu ameshika simu.

Asiye Muislamu hualikwa, tena kwa mikono miwili, akija kwa vazi la heshima na akiacha viatu mlangoni. Kazi zake ni za pembeni: kupanga watoto mistari, kugawa halua na kahawa. Halua kilo 5 hutosha watu 100 kwa vipande vidogo. Ya Wete ina jina, na kama chuo kiko Pemba usidiriki kuleta ya kopo kutoka dukani.

Kufundisha kaswida usijaribu. Tumeona matangazo yanayoahidi kwamba volontia "ataongoza kwaya ya madrasa". Hakuna kitu kama hicho.

Mapinduzi na halaiki

Januari 12 ni siku kubwa, na kilele chake hufanyika Uwanja wa Amaan mjini Unguja au Gombani, Chake Chake, Pemba. Halaiki ya wanafunzi, mamia wakichora maumbo uwanjani kwa miili na vitambaa, ni jambo la kustaajabisha kweli, na usiku wa kuamkia siku hiyo kuna fashifashi. Lakini kwa volontia haina mlango. Mazoezi husimamiwa na walimu wateule na maofisa, watoto huondoka skulini mwao kwa muda mrefu, na ulinzi wa uwanjani ni mkali. Unaingia kama mtazamaji, alfajiri, bila begi kubwa. Kifurushi kinachouza "kushiriki halaiki" kinauza kiti cha jukwaani ambacho ni bure.

Kinachotuudhi

Sherehe za kuaga. Wakala anayeleta wageni wapya kila wiki mbili huitaka skuli ifanye hafla ya kuwakaribisha na ya kuwaaga. Hesabu mwenyewe: kwa mwezi ni hafla nne, kila moja inakula vipindi viwili au vitatu vya asubuhi, darasa lenye watoto 60 limekaa chini ya mti likiimba "karibu wageni" kwa mara ya kumi. Wenyeji hawawezi kukataa, ukarimu umewafunga mikono. Ukinunua kifurushi, andika kabla ya kulipa kwamba hutaki hafla. Soda na andazi na walimu wakati wa mapumziko inatosha, na walimu watakupenda zaidi.

La pili ni kufanywa mgeni rasmi. Mtu wa nje akikaa meza kuu, jina lake hutajwa kwenye risala, na baada ya hapo jicho la ukumbi mzima linangoja ahadi. Wengi hutoa noti mfukoni kwa aibu. Fedha hiyo haina risiti, na kesho yake kunakuwa na minong'ono kati ya mwalimu na kamati. Mwambie mwalimu mkuu wiki moja kabla: "Mwalimu, mimi niwekee kazi, kiti nitakitafuta." Kama una mchango, upeleke kwa kamati ya skuli siku nyingine, mbele ya watu wawili, upewe stakabadhi.

Pipi je? Paketi moja ina 50, watoto ni 90, na mkubwa humsukuma mdogo. Usigawe.

La tatu ni Mwaka Kogwa. Kila Julai mawakala huiuza kama "mila ya skuli". Si ya skuli. Ni mwaka mpya wa watu wa Makunduchi, wenye mpangilio wa wazee, ambapo pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba na kibanda huchomwa moto. Nenda, wageni wanapendwa kule na ni kheri kuwa nao. Daladala namba 310 kutoka mjini inakufikisha. Ila usilipie dola za ziada.

Mavazi na fundi

Mwanamke: gauni au sketi ya kufika kifundoni, mikono mirefu, na mtandio begani hata kama hafuniki kichwa barabarani, skulini na chuoni afunike. Mwanamme: suruali na shati lenye kola, kanzu na kofia siku ya maulidi ikiwa ni Muislamu au amealikwa kuvaa. Kofia ya viua ya kushona kwa mkono ni kazi ya wiki na wiki, bei yake ndivyo ilivyo, usiishushe kama samaki wa jioni. Kanzu ya mtu mzima huchukua mita 3, gauni refu mita 3 na nusu hadi 4. Peleka kitambaa kwa fundi cherahani wiki tatu kabla. Siku kumi kabla ya Idi fundi yeyote atakwambia "njoo kesho" mpaka sikukuu ipite.

Makaratasi na bei

Viza ya utalii hairuhusu kujitolea. Hilo linajulikana, na bado wapo wanaowaambia wateja "sema umekuja kutembea". Kujitolea kunahitaji kibali cha ukaazi, daraja C, kutoka Uhamiaji, na kwa Zanzibar masuala ya kibali cha kazi yako chini ya Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, si ya Bara. Mkenya au Mganda asidhani kwamba kuingia bila viza ni ruhusa ya kusimama darasani. Hata kazi isiyo na mshahara inahesabiwa. Skuli za serikali pia zinahitaji ridhaa ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Mwalimu mkuu anayekupokea bila karatasi hiyo, ukaguzi ukija, ndiye anayeitwa ofisini. Leta na cheti cha polisi cha tabia njema kutoka kwenu. Wakala asiyekiomba cheti hicho, mwache: anapeleka watu asiowajua kwa watoto wa wenzake.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanalipia bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu hadi siku 92. Bima uliyonunua kwenu haichukui nafasi yake. Kwa kifurushi cha miezi mitatu siku 92 zinakutosha kwa kubana, hesabu na siku ya kuondoka.

Kuhusu bei, usilinganishe jumla kwa jumla. Mtake wakala aivunje: nyumba, chakula, vibali, usafiri, msimamizi, na kinachokwenda skulini. Kinachokwenda skulini kiwe na mstari wake na jina la anayekipokea. Kikiwa kimefichwa ndani ya "gharama za mradi", jua skuli inapata fulana na chaki. Kukaa na familia ni bora kuliko nyumba ya mavolontia, kwa sababu moja ya kawaida tu: mama wa nyumba ndiye anayejua mahafali ya mwanawe ni lini, na mchango wa mchele umefika wapi.

Unguja au Pemba

Jambiani, Paje na Nungwi zina mavolontia wengi kiasi kwamba watoto wameshazoea kupangwa kwa picha. Skuli za ndani za Unguja, mbali na fukwe, ni bora. Pemba ni bora zaidi kwa mtu wa wiki sita: mgeni ni mmoja, anatumwa, anazomewa akikosea ngoma, anasahaulika kuwa mgeni. Skulini utakuta msewe na kibati, ngoma za kisiwa hicho. Kibati huenda kwa maneno ya haraka ya kujibizana, na watoto wa Pemba wana ulimi. Ubaya wake ni njia. Boti hutia nanga bandari ya Mkoani, na wakati wa upepo wa kusi mkondo wa Nungwi hupindua matumbo, hasa Julai na Agosti. Safiri tumbo likiwa na kitu chepesi, na usifike siku moja kabla ya sherehe.

Siku ya kuondoka, zawadi inayokubalika kwa mwalimu wako wa karibu ni doti ya kanga kwa mwanamke, shuka au kofia kwa mwanamme. Kanga ifunue dukani usome jina lake lote kabla ya kulipa. Nyingi zimeandikwa vijembe, na mwalimu mkuu akipewa mbele ya wenzake doti inayomsema jirani mwenye husda, wote watajiuliza umetumwa na nani.